Mstari wa Chaki Mbele ya Meko

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, alipiga magoti sakafuni na kuchora mstari. Aliuanzia ukutani upande wa kabati, akauvuta bila kuinua chaki, akaupinda ukawa nusu duara mbele ya meko, kisha akaumalizia ukutani upande wa pili, chini ya msumari wa kutundikia koleo. Hakutumia rula wala kamba. Sakafu ilikuwa ya saruji, nyeusi kwa kusuguliwa miaka mingi, na ule weupe juu yake ulionekana hata na mtu aliyesimama uani. Akishamaliza alipuliza vumbi vidoleni, akajishika kiuno, akainuka akiguna, ndipo akatafuta kiberiti.

Walimwita Mama Chaki. Jina lake lingine lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa chini ya godoro.

Chaki aliitoa kiwandani. Alikuwa mchora alama katika kiwanda cha nguo, kwenye meza ndefu ya kukatia. Kazi yake ilikuwa kuchora juu ya kitambaa mistari ambayo mkataji angeifuata kwa mkasi: hapa bega, hapa kwapa, hapa shingo. Mkataji hakuuliza kitu. Palipo na chaki ndipo mkasi ulipopita, na mstari ukikosewa rundo zima la kitambaa limekwenda na maji. Kwa hiyo alijifunza kutokosea. Macho yalipoanza kuingia ukungu walimwambia asante, wakampa mkono, na msimamizi akamwachia boksi la chaki zilizobaki, kama mtu anayempa mbwa mfupa. Alilibeba kwapani hadi nyumbani.

Nyumbani ni chumba kimoja katika safu ya vyumba vya zamani vya wafanyakazi, vilivyozunguka ua wa udongo wenye bomba moja la maji katikati. Mji ule ni wa baridi, na kila chumba kilijengwa na meko yake pembeni: matofali, dohani, na shimo la moto lililo sawa na sakafu, bila kizingiti, bila ukingo, bila chochote kati ya kaa na kidole. Aliyejenga hakumwaza mtoto. Alimwaza mfanyakazi mmoja arudi, apashe chai, alale, aamkie kazini. Lakini wafanyakazi huzaa. Nao wakizaa, kiwanda hakingoji, na meko hayazimwi, kwa sababu ukizima baridi inapanda kutoka sakafuni hadi kwenye mifupa.

Wakawa wanamletea watoto. Asubuhi ua mzima ulijaa wanawake wenye haraka, mmoja akifunga kilemba, mwingine akimpangusa mtoto kamasi kwa upindo wa kanga, na mlangoni kwa Mama Chaki watoto wakawekwa chini mmoja mmoja kama mizigo kwenye mizani.

Namna yake ya kuwalea ilijulikana. Hakuwachapa. Mtoto akianza kutambaa, alimketisha mbele ya meko yasiyo na moto, akaweka kipande cha mkate ng'ambo ya mstari, akasubiri. Mtoto angetambaa. Mkono ukigusa tu weupe, Mama Chaki angepiga sakafu kwa mwiko, paa! na kutamka neno moja: "Mstari!" Mtoto angeruka, angelia. Naye angembeba, angembembeleza, angempa ule mkate kwa mkono wake. Kisha angeanza tena. Kabla hajaota meno ya juu, mtoto wa Mama Chaki alikuwa amekwisha kujua dunia inaishia wapi. Moto ungewaka kutwa nzima, sufuria ingechemka, naye angetoka hadi bombani na kurudi na ndoo, akawakuta wamejipanga upande wao wa chaki kama ndege ukingoni mwa paa.

Mama Pacha, aliyekuwa mlango wa pili na aliyekuwa na mdomo wa kuwatosha watu watatu, alipenda kumtania.

"Mama Chaki, hebu mchoree na mume wangu mstari mmoja, hapo mlangoni. Nione kama atavuka kwenda kulewa."

"Mume wako ameshakomaa, mwanangu. Huyo anataka ukuta."

Ua ukacheka. Naye alicheka, lakini chinichini, kama mtu anayejua kwamba kazi yake si mzaha. Hakuna mtoto aliyewahi kuungua mikononi mwake. Hilo ndilo alilokuwa nalo. Mume alikwisha kufa, mwanawe wa pekee alihamia mbali na sauti yake ilifika kwa simu tu, sikukuu hadi sikukuu. Alilobaki nalo ni hilo: watu walikwenda kazini na mioyo yao ikatulia kwa sababu yake.

Kati ya wote waliopita mikononi mwake, mmoja alimkaa moyoni. Alikuwa mtoto wa mpiga pasi wa kiwanda kile kile, mwanamke mwembamba mkimya wa mlango wa tatu, aliyemlea peke yake. Alimleta akiwa bado ananyonya. Mtoto alipoanza kutembea alitembea ameweka mikono nyuma, kifua mbele, kama mstaafu anayekagua shamba la watu, na ua ukamwita Mzee.

"Mzee ameamka?"

"Ameamka, na amekojoa kitanda."

"Si uzee huo!"

Mzee aliupenda mstari kama watoto wengine wanavyopenda mpira. Asubuhi alisimama pembeni kuutazama ukichorwa, kichwa upande mmoja, na ukishafungwa ukutani alishusha pumzi. Kutwa nzima alikuwa akipita kando yake, mikono nyuma, toka kabati hadi koleo, toka koleo hadi kabati. Mtoto mwingine akisogea, yeye ndiye aliyepaza sauti: "Mstari!" Kile kisauti chembamba kiliwachekesha wapita njia. Siku moja mpiga pasi alipokuja kumchukua, Mama Chaki alimshika mtoto mabega akamwambia mama yake:

"Huyu nimemaliza. Hata nikifa leo, huyu haungui."

Mpiga pasi hakuwa mtu wa maneno. Aliinama, akambusu Mama Chaki mkono, akaondoka na mwanawe.

Siku ajali ilipotokea, kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa mapumziko. Mpiga pasi alikuwa nyumbani kwake, amewasha meko ili maji ya kumwogeshea Mzee yapate moto. Mtoto alikuwa akicheza na kigurudumu cha mti kilichowahi kubeba uzi wa cherehani, alichopewa na Mama Chaki kiwe gari lake. Mawingu yaliposhuka, mama alitoka kuanua mashuka. Kamba ilikuwa uani, mbele ya mlango wake, na mlango aliuacha wazi.

Mama Chaki alikuwa akichambua mchele aliposikia. Haikuwa sauti ya mtoto kwanza; ilikuwa ya mama. Ya mtoto ilifuata, na ua mzima ulisimama.

Kigurudumu kilikuwa kimebingirika hadi ndani ya meko. Mtoto alikifuata, akainama, akaingiza mkono wa kulia katikati ya makaa kukitoa.

Watu walijaa na dawa zao: huyu na dawa ya meno, yule na mafuta ya kupikia, Mama Pacha na bakuli la unga. Mama Chaki aliwasukuma wote. "Maji! Maji matupu, ya baridi! Ondoeni uchafu huo!" Alimbeba mtoto hadi bombani, akafungua maji, akaushikilia ule mkono chini yake, akaushikilia, mtoto akipiga mateke na mvua ikianza kunyesha juu ya wote. Hakuuachia hadi gari lilipopatikana. Ndipo akaufunika kwa kitambaa safi bila kukikaza, na mama mtu akapandishwa garini akiwa na shuka lililolowa bado begani.

Hospitalini muuguzi aliuliza nani aliyefikiria maji, na habari ikarudi uani kwamba Mama Chaki amesifiwa. Kwa hiyo hukumu ilikuwa imekamilika kabla hata jua halijazama: mmoja alikuwa ameokoa, mmoja alikuwa ameunguza.

"Mimi simlaumu mtu," alisema Mama Pacha, na alipoanza hivyo watu walijua analaumu. "Lakini yule mtoto kwa Mama Chaki anakaa kutwa nzima na moto unawaka. Kwa mama yake, saa moja tu! Ingemgharimu nini kuchora mstari?"

"Kweli jamani. Chaki tu."

"Chaki tu!"

Mama Chaki aliyasikia akiwa ndani, mlango umeegeshwa. Hayakumfurahisha, lakini aibu ya kweli ni kwamba hayakumchukiza pia.

Alipokwenda hospitali alichukua chupa ya uji. Wodi ilikuwa ndefu, yenye harufu ya dawa na ya maziwa yaliyomwagika. Mzee alilala kitanda cha mwisho karibu na dirisha, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, mkubwa na mweupe, kama si wake, kama amepewa amshikie mtu. Mama yake alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani.

"Mzee wangu."

"Bibi."

"Moto umekuuma, baba?"

Mtoto alitikisa kichwa kukubali. Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia kilio chake chote.

Mama Chaki alimnywesha uji, kijiko kwa kijiko. Kisha akamuuliza, si kwa kutaka jibu, bali kama watu wanavyowauliza wagonjwa ili kujaza hewa: "Kwa nini uliingia motoni, Mzee wangu? Kwa nini hukusimama?"

Mtoto alimtazama kwa mshangao. Alijibu upesi, kama mwanafunzi anayeulizwa swali jepesi na mwalimu wake mwenyewe.

"Mstari hakuna."

Kijiko kikasimama hewani.

Muuguzi aliyekuwa akipita akatabasamu. "Anasema nini mgonjwa wetu?"

"Hakuna kitu," akajibu Mama Chaki. "Anataka uji."

Alikirudisha kijiko chini polepole. Aliona meza ndefu ya kiwandani, na mkataji asiyeuliza kitu, na mkasi ukipita palipochorwa na popote pengine kitambaa kikiwa kitambaa tu. Alijaribu kukumbuka siku hata moja aliyoushika ule mkono mdogo akausogeza mahali joto linapoanza kuuma, akasema: huu ni moto, mwanangu, huu unaunguza, hapa na kwenu na kila mahali. Hakuipata. Aliuficha moto nyuma ya chaki vizuri mno, mtoto akakua kando yake miaka yote bila kukutana nao. Neno "mstari" alimpa kabla ya neno "moto". Naye Mzee, mwanafunzi wake bora, alifanya sawasawa na alivyofundishwa. Alitazama sakafuni, akaona hakuna kitu, akapita.

Akamwita mpiga pasi wakatoka hadi ukumbini, wakasimama karibu na kapu la taka.

"Mwanangu, sikiliza. Kosa si lako. Kosa ni langu."

"Lako, Mama? Wewe uliyemwagia maji?"

"Acha maji. Mimi sikumfundisha moto. Nilimfundisha kuogopa chaki. Pasipo na chaki, kwake yeye hapana moto. Unanielewa?"

Mpiga pasi aliinamia mikono yake. Ilikuwa na alama za pasi, za zamani na za juzi, za kahawia na za waridi. Hakuna mpiga pasi asiyekuwa nazo.

"Mimi nilimwona," akasema.

"Ulimwona nani?"

"Mzee. Niko kambani, nina shuka begani, mlango uko wazi. Nikamwona anakwenda mekoni. Mikono nyuma, kama kawaida yake." Alimeza mate. "Ningepiga kelele angesimama. Ningemwita tu. Sikumwita. Nikasema moyoni, huyu ni wa Mama Chaki, atasimama mwenyewe. Nikaanua shuka la pili."

Mama Chaki hakuwa na pa kuweka macho.

"Basi unaona?" alisema mwisho. "Ni mimi."

"Hapana, Mama. Usinifariji. Wewe ulifanya kazi yako. Mimi ndiye sikuchora." Akamshika kanga, ghafla, kwa nguvu ambayo mwili ule mwembamba haukuonekana kuwa nayo. "Njoo unichoree. Kabla hajarudi. Njoo uchore wewe mwenyewe, mkono wako anaujua. Niahidi."

Hakuahidi. Lakini jambo moja liliingia kichwani mwake siku ile na halikutoka: Mzee asirudi kuukuta ule mstari. Afundishwe upya, moto uwe moto, kabla ujinga ule haujamkalia kabisa. Akirudi, aanze naye.

Aliporudi uani alisikia "Mstari!" kutoka mlango wa kwanza. Akasikia "Mstari!" kutoka mlango wa pili, na paa! ya mwiko. Milango ilikuwa wazi, na ndani ya kila chumba, mbele ya kila meko, palikuwa na mstari wa chaki. Mingine ilikuwa imepinda kama mkia wa nguruwe, mingine imekatika katikati, mmoja umechorwa kwa kaa jeusi ambalo halikuonekana kabisa juu ya saruji. Walikuwa wameiga kila kitu, hata sauti.

Akaingia kwa Mama Pacha bila kubisha hodi. "Futa."

"Nifute nini tena?"

"Futa mstari. Weka kizuizi cha kweli, cha chuma, kilichokazwa ukutani. Waonyeshe watoto joto. Chaki haina kitu, mwanangu, chaki ni unga."

Mama Pacha alimtazama, kisha akapiga makofi ya kushangaa. "Makubwa! Miaka yote ilikuwa na kitu, leo sisi tumeijua ndiyo imekuwa unga? Sema tu unaona wivu, Mama Chaki. Siri ya kazi imetoka!"

"Mtoto ameungua kwa sababu ya chaki."

"Ameungua kwa kukosa chaki. Ua mzima unajua."

Alikwenda mlango hadi mlango. Wengine walimsikiliza kwa adabu, wakamkalisha, wakampa chai, wakasema ndiyo Mama, tumesikia Mama. Alipogeuka mgongo, mwiko ulipigwa.

Alimwita fundi wa kuchomelea. Fundi alimtengenezea wavu wa chuma wenye mlango mdogo na komeo juu, akaukaza kwa skrubu kwenye matofali, akautingisha kwa mikono miwili hadi akaridhika. Mpiga pasi naye akatengenezewa wavu kama huo. Mama Pacha alikuja kuutazama, akakubali ni mzuri. "Hapa soksi zitakauka upesi," akasema, na kesho yake akaleta soksi za pacha.

Kisha Mama Chaki akapiga magoti, akaufuta mstari. Alikuwa ameandaa ndoo, sabuni na brashi ngumu. Havikuhitajika. Uliondoka kwa kitambaa chenye maji, mara moja tu, kama haukuwahi kuwapo.

Mzee alirudi baridi ikiwa imezidi. Mkono ulikuwa umepona kwa namna yake: vidole viwili vimeshikana, ngozi inang'aa kama karatasi ya peremende. Watu walitarajia angeogopa moto. Aliogopa sakafu. Popote alipowekwa chini alisimama palepale, akitazama chini, akiuliza, "Mstari uko wapi?" Asipouona hakuinua mguu. Bombani alibebwa. Chooni alibebwa. Mama yake, aliyechoka kumbeba, aliichora sakafu yake yote: kuzunguka meko pamoja na wavu wake, kuzunguka kitanda, hadi mlangoni, na mtoto akawa anatembea humo kama treni kwenye reli.

Asubuhi aliyorudi kazini, mpiga pasi alimleta kwa Mama Chaki, akamshusha kizingitini, akakimbia. King'ora cha kiwanda kilikuwa kimekwisha kulia. Watoto wengine walikuwa ndani, wakipiga kelele. Mekoni hapakuwa na moto. Mama Chaki alikuwa hajauwasha makusudi.

"Karibu, Mzee wangu. Ingia."

Mtoto alitazama sakafu nyeusi, safi, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mstari uko wapi?"

"Umekwisha, baba. Hatuutaki tena. Tazama, kuna chuma pale. Moto utakaa nyuma ya chuma. Mimi nitakushika mkono, tutausogelea pamoja, utasikia joto lake. Njoo."

Hakuja. Baridi iliingia kutoka uani ikampita miguuni. Alijaribu kumvuta, mtoto akalegea, akakaa chini, akaanza kutetemeka, na ule mkono mbaya akauficha kifuani. Mama Chaki akamwita kwa mkate. Akamwita kwa kigurudumu kipya. Mwisho aliketi sakafuni kumkabili, na wakatazamana hivyo, hadi midomo ya mtoto ilipobadilika rangi.

"Chora, Bibi," akasema Mzee. Alisema taratibu, kama anayemsihi mtu mkubwa asiendelee na utani. "Chora."

Chaki ilikuwa mfukoni, haikuwahi kutoka. Mama Chaki alijivuta kwa magoti hadi kwenye kabati, akauanza ukutani. Aliinua chaki mara mbili kabla hajafika chini ya koleo, na mstari ukatoka umekatika, umepinda, wa mtu yeyote. Mtoto aliufuata kwa macho, kichwa upande mmoja. Ulipofungwa akashusha pumzi. Akainuka, akaingia, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa chaki, akasimama. Aliupeleka mkono mzima nyuma ya mgongo, ukautafuta mwenzake, haukuupata.

Mama Chaki alikuwa bado amepiga magoti upande wa pili, mgongo kwenye wavu, majivu baridi nyuma yake. Akafungua mikono.

"Sasa vuka," akamwambia. "Hakuna moto huku. Ni mimi tu. Vuka uje."

Mtoto alitazama chini, kisha akamtazama yeye, kwa huruma.

"Mstari, Bibi," akamkumbusha.